Vitabu vya Upinde na Miti ya Arua

Kitabu cha kwanza cha upinde nilikisoma kwenye simu, bure, na mwandishi wake alikuwa daktari wa upasuaji. Saxton Pope alikuwa akifanya kazi Chuo Kikuu cha California. Mwaka 1911 Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Yahi, alijitokeza karibu na mji wa Oroville akapelekwa San Francisco, na huko Pope akawa daktari wake na baadaye rafiki yake. Ishi akamfundisha upinde. Kifua kikuu kikamchukua Ishi mwaka 1916, na mwaka 1923 Pope akatoa Hunting with the Bow and Arrow. Hakimiliki yake imekwisha siku nyingi, kwa hiyo kinapatikana kwenye intaneti bila malipo. Kwa fundi wa Arua, Uganda, anayehesabu hata pesa ya bando, hilo si jambo dogo.

Mimi ni seremala. Vitanda, milango, madawati ya shule, na majeneza pale msiba unapobisha. Upinde ulinijia kupitia shule moja ya hapa iliyokuwa ikijiandaa kwa mashindano ya muziki, ngoma na maigizo. Mwalimu wao alitaka pinde za kushika jukwaani. Za jukwaani ni kazi ya asubuhi moja. Ila wazee wetu wa huku West Nile walijulikana kwa mishale kabla mpaka wa Kongo haujachorwa, na mimi nikaona aibu kuchonga sanamu ya upinde. Nikataka upinde unaopiga. Nikaanza kusoma, na nikaanza pia kupanda boda kwenda kwa mjomba wangu upande wa Maracha. Tangu hapo vitabu na mjomba havijaacha kubishana.

Uzuri wa Pope ni kwamba alikaa chini akatazama. Anaeleza jinsi Ishi alivyochonga mreteni wa milimani, alivyobandika kano za kulungu mgongoni mwa upinde ili usipasuke, alivyonyoosha vijiti vya mishale kwa joto la moto kimoja baada ya kingine. Anaeleza mikono ilishikaje na mwili ulikaaje. Waandishi wengi wa ufundi huruka hayo wakidhani msomaji atajua mwenyewe, na msomaji hajui. Zile sura mbili ambamo Pope anaeleza anavyotengeneza upinde wake na mishale yake mwenyewe, fundi yeyote wa mbao atazifuata bila shida. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni hadithi za kuwinda, na hizo mimi naziruka. Hapa Uganda Sheria ya Wanyamapori ya 2019 haina mzaha na mtu anayeingia porini kuwinda bila kibali. Mishale yangu inapiga gunia lililoshindiliwa matambara, na safari yake inaishia hapo.

Kitabu kilichonifundisha kweli kweli ni The Traditional Bowyer's Bible. Kiko katika juzuu nne: ya kwanza ilitoka 1992, mbili zikafuata 1993 na 1994, na ya nne ikaja baada ya miaka mingi, 2008. Mhariri wake ni Jim Hamm, na ndani mna waandishi kadhaa, kila mmoja na sura yake, wakati mwingine wakipingana waziwazi. Hilo la kupingana nalipenda. Binamu yangu aliye ng'ambo alinitumia juzuu ya kwanza ndani ya begi la nguo, na kama una pesa ya juzuu moja tu, nakuambia chukua hiyo.

Ndani yake mna sura ya Tim Baker kuhusu umbo la upinde na uwezo wake. Baker hana habari ya mila, yeye anapima. Anataka kujua mkono mpana wa upinde, yaani ile nusu inayotoka mpini hadi ncha, unafanya nini, mwembamba unafanya nini, ncha nzito inaiba kasi kiasi gani. Kuna kanuni moja inayobeba kazi yote ya upinde, na seremala anaijua nusu tayari kwa sababu ya rafu zinazolegea katikati: ugumu wa ubao unafuata upana moja kwa moja, lakini unafuata unene kwa kipeo cha tatu. Punguza upana kwa sehemu moja ya kumi, upinde unalegea kwa sehemu moja ya kumi. Punguza unene kwa sehemu hiyohiyo moja ya kumi, upinde unalegea kwa zaidi ya robo. Kwa hiyo karibu na mwisho wa kazi randa unaiweka chini. Pale unene unapokuwa umebaki wa kidole, pito moja la randa linakula ratili kadhaa za nguvu, na mbao iliyoondoka hairudi.

Sura ya Hamm ya kusawazisha mkunjo ndiyo niliyoitoa nakala nikaibandika ukutani kibandani. Niseme jinsi ninavyoifanya, maana hapa ndipo upinde unapozaliwa au unapogeuka kuni. Ukutani nimepigilia ubao wenye mwanya juu wa kukalia mpini wa upinde, na chini nimefunga kapi dogo. Kamba inatoka kwenye upinde, inapita kwenye kapi, inanifikia nilipo, nimesimama mbali kidogo ili nione mikono yote miwili kwa pamoja. Nyuma ya upinde, ukutani, nimechora mistari ya chaki. Navuta polepole. Mkono wa kushoto unakunjika vizuri mpaka katikati, halafu kipande cha kama kiganja kimoja kinabaki kimenyooka, kisha mkunjo unaanza tena. Nashusha, natia alama ya penseli kwenye kile kipande kigumu, upande wa tumbo tu, yaani ule unaomtazama mpigaji. Mgongo hauguswi. Nakwaruza kwa kipande cha msumeno uliovunjika, kinatoa nyuzinyuzi nyembamba za mbao zinazojikunja. Kisha navuta kidogokidogo mara nyingi, kwa sababu mbao haipokei habari papo hapo, na ndipo natazama tena. Sharti la Hamm ni kwamba usivute kamwe kupita uzito unaoutaka mwishoni, na ukiona kasoro usivute kupita pale ilipojitokeza, rekebisha kwanza. Waingereza wa zamani walikuwa na msemo, Pope pia anautaja, kwamba upinde uliovutwa mpaka mwisho umeshavunjika sehemu tisa kati ya kumi.

Juzuu ya pili ina sura nyingine ya Baker ya kuchonga upinde kutoka ubao wa dukani. Sura hiyo ni kama aliwaandikia maseremala. Jambo moja tu ndilo la kushika: nyuzi za mbao ziende sawa kutoka ncha hadi ncha bila kutokea pembeni. Sasa mimi nikienda kununua mbao za milango nageuza kila ubao nikiusoma, na wauza mbao wa hapa wameshanizoea, ingawa mmoja huniuliza kama natafuta mbao au natafuta mke.

Mpaka hapo vitabu vinakwenda sawa. Vinakwama kwenye mti wenyewe.

Vitabu hivi vimeandikwa nchi ambazo mti hulala wakati wa baridi na kuamka joto likirudi, na kila mwaka unaacha duara moja ndani ya shina. Mafundi wa Marekani wanaopenda mti wa osage wanakwambia vua maganda, vua mbao nyeupe, fuata duara moja tu mgongoni mwa upinde kutoka ncha hadi ncha, usilikate popote. Kurasa nyingi zinahusu jambo hilo, na picha nyingi. Huku kwetu miti mingi hailali hivyo. Kampala mvua zinakuja mara mbili kwa mwaka. Huku kwetu ni msimu mmoja mrefu, kuanzia kama Aprili mpaka Novemba, halafu jua la Desemba hadi Machi. Kata shina la miti yetu mingi ulitazame: maduara hayaonekani vizuri, au hayapo kabisa.

Nilimpelekea mjomba kitabu. Mjomba alifanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya miwa kule Busoga, kama vijana wengi wa West Nile wa rika lake, na Kiswahili chake ni cha huko kambini, kizito na kisicho na haya. Nikamfunulia ile picha ya shina lenye maduara, nikamwuliza yeye huwa anafuata duara gani.

Akaitazama kwa muda. "Huyu mzungu ana mti mnene," akasema. "Mti mnene wa nini, mwanangu? Wa kujenga kanisa?"

Akaniacha nimekaa, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na fito mbichi lenye unene wa kifundo cha mkono wangu. Ilikuwa mvua zimekolea. Akachoma ncha ya kisu kwenye ganda, akashika, akavuta, na ganda lote likatoka kama soksi, likaacha mbao nyeupe, laini, yenye unyevu, bila kovu hata moja. Akapitisha ukucha juu yake.

"Mgongo ndio huu. Mungu ameshauchonga. Wewe fanya kazi ya upande ule mwingine."

Hapo mjomba alinipa sura nzima kwa sentensi mbili. Kwenye fito jembamba, sehemu iliyo chini ya ganda ni uzi usiokatwa tangu mti uanze kukua, na hakuna duara la kulifuata. Ukilikata wakati wa mvua, ganda linatoka lenyewe. Ukilikata kiangazi utalikwangua kwa taabu na kisu kitajeruhi mgongo. Baadaye niligundua kwamba Paul Comstock, mmoja wa waandishi wa juzuu ya kwanza, anatetea jambo lilelile kwa miti myeupe ya kwao: acha ile mbao ya nje, vua ganda tu. Nilikuwa nimelisoma bila kulisoma, kwa sababu picha za osage zilikuwa nzuri zaidi.

Lakini fito la mti gani? Mjomba anaujua mti wake kwa jina la Kilugbara na kwa mahali unapoota, nyuma ya shamba la mtu fulani. Mimi nilitaka kujua kama nitaupata Nebbi, Moyo, au kando ya Mto Nile. Kitabu kilichonisaidia hapo hakina hata ukurasa mmoja wa kufundisha upinde. Ni Useful Trees and Shrubs for Uganda cha Katende, Birnie na Tengnäs, cha mwaka 1995. Kila mti una mchoro wa jani na tunda, majina yake kwa lugha za makabila yetu, maeneo unakoota, na matumizi yake. Mimi husoma sehemu ya matumizi nikitafuta mipini ya zana. Mti unaofaa mpini wa jembe au wa shoka umeshathibitisha kwamba unavumilia kugongwa na kukunjwa bila kupasuka. Hiyo ndiyo miti ninayoijaribu. Jamii ya mkole imo, na mkole watu wengi wa Afrika Mashariki wameuchongea pinde na mishale tangu zamani. Waulize maafisa misitu, wengine wana kitabu hicho kabatini.

Kuna pia suala la kukausha, na hapa vitabu vinahitaji kusomwa kwa akili. Vinasema upinde uwe na unyevu wa asilimia 8 hadi 10. Mbao inafuata hewa iliyopo. Hewa yetu ya msimu wa mvua ikiwa na unyevu wa asilimia 75, mbao iliyokaa kivulini inatulia karibu na 14, na hata uingoje mwaka haitashuka. Upinde wenye unyevu huo hauvunjiki upesi, ila unalegea na kubaki umejikunja hata ukiwa hauna kamba. Dawa yake ni mbili: uuchonge mpana na mrefu kidogo kuliko kitabu kinavyotaka, na kazi ya mwisho uifanye Januari au Februari. Kiangazi nacho kina hatari zake. Jua likipiga mti mbichi, ncha zinapasuka siku hiyohiyo, kwa hiyo mimi hupaka ncha rangi iliyobaki ya milango mara tu ninapokata. Kujua kama limekauka, nalipeleka fito kwa jirani anayeuza nyanya analiweka kwenye mizani yake, na uzito ukiacha kushuka basi. Bungua ndio adui ambao vitabu vya kizungu havimpi nafasi ya kutosha. Ile mbao nyeupe ya nje ina wanga, na wanga ndio chakula chake. Mjomba hutundika mafito juu ya jiko la kuni, na moshi unawafukuza. Mafito yake ni meusi, na ukibeba moja kwenye basi watu wanageuka.

Nikiwa Kampala kwa shughuli za familia nilipata nafasi ya kuketi Makerere, maktaba kuu, nikasoma Tribal Crafts of Uganda cha Margaret Trowell na Klaus Wachsmann, kilichotoka 1953. Trowell ndiye aliyeanzisha mafunzo ya sanaa pale chuoni, na shule ya sanaa mpaka leo ina jina lake. Wachsmann alikuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda. Kimejaa michoro ya vitu vya mikononi mwa watu wa nchi hii: vikapu, vyungu, ngoma, mikuki, pinde. Hakikufundishi kuchonga. Kinakuonyesha umbo lililokuwa likichongwa, na hilo lina thamani yake, kwa sababu ukitoka kwenye vitabu vya Marekani macho yako yameshazoea mikono mipana ya bapa na unadhani upinde mwembamba wa mviringo ni ushamba.

Upinde wa mjomba ni wa mviringo, mwembamba, na kwa hesabu za Baker ungepaswa kuteseka. Hauteseki. Sababu niliiona siku alipouvuta: mkono wake wa nyuma uliishia kifuani. Vitabu vinahesabu mvuto wa inchi 28, karibu sentimita 71, mpaka kidevuni au shavuni. Mjomba havuti hivyo, na upinde usiokunjwa sana hauhitaji upana. Tena upinde wa aina yake haukuumbwa kupenya mnyama kwa nguvu. Ulikuwa wa kufikisha sumu.

Kuhusu sumu mjomba hasemi, nami simwulizi mara ya pili. Ila John Kirk, yuleyule aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alipokuwa na Livingstone kwenye safari ya Zambezi alikuwa amebeba sumu ya mishale mfukoni pamoja na mswaki wake. Alipopiga mswaki mapigo ya moyo yakabadilika, na kutokana na mmea uliotoa sumu hiyo ikapatikana baadaye dawa ya moyo. Huyo alikuwa daktari, na hata yeye sumu ilimfikia.

Kwenye mishale juzuu zile zinarudi kunifaa. Mshale unapoachiwa unajipinda kama nyoka ukiuzunguka upinde kabla haujanyooka hewani, kwa hiyo ugumu wake lazima uendane na nguvu ya upinde. Kwa mtu wa mkono wa kulia, mshale mgumu mno unakwenda kushoto, laini mno unakwenda kulia. Kipimo chake kinanifurahisha kwa urahisi wake. Misumari miwili ukutani, sentimita 66 kati yao. Laza kijiti juu yake. Tundika katikati chupa yenye mililita 900 za maji, chupa nyepesi ya plastiki. Pima kimeshuka kiasi gani. Kikishuka milimita 13 hivi, kinafaa upinde wa ratili 50, yaani kama kilo 23. Vijiti vya kundi moja vishuke sawasawa. Manyoya ni ya bata mzinga, yote matatu kutoka bawa la upande mmoja, maana la kulia na la kushoto yanajipinda tofauti. Mjomba ana mishale isiyo na unyoya hata mmoja. Kigumba cha chuma mbele ni kizito, na kwa umbali mfupi kinaongoza njia. Wanafunzi wa ile shule, ambao sasa wanakuja kupiga gunia baada ya masomo, wanaipenda ya mjomba kuliko yangu kwa sababu haiharibiki.

Tunachobishania kwa sasa ni kamba. Juzuu ya pili inaeleza kusuka kamba kwa nyuzi za mimea, na mafundi wengi wanataka kamba ibebe walau mara nne ya uzito wa upinde kabla ya kukatika. Nimesuka ya katani, nikaipaka nta ya nyuki. Ni nyepesi, haivutiki, na mshale unatoka kwa kasi. Mjomba anataka nailoni ya wavuvi wa Panyimur. Nikamwambia nailoni inavutika, inakula nguvu ya upinde. Akaniambia katani ikinyeshewa inaoza na yeye hana muda wa kukaa anasuka kama mwanamke wa mikeka. Tumekubaliana nimpe ya katani aitumie msimu huu wa mvua, na ikikatika nimletee nailoni, roli nzima, kwa pesa yangu.